Kitambaa Kisichovalika

Marobota kumi na mawili, meupe, yamezungushiwa nailoni,
yamelala ghalani Mwanza Kusini
tangu ile Jumanne ya mvua ya mawe.
Hati inasema: kioo.
Mimi niliandika, kwa kalamu nyekundu: kitambaa.

Nilikuwa na sababu. Kina mtande na mshindio,
kinakunjika, kinakatika kwa mkasi,
na fundi cherehani yeyote wa Makoroboi
angekipima bila kuuliza kimetoka wapi.
Kioo gani hukunjwa?
Kioo nikijuacho mimi huvunjika.

Wakala, Bwana Lutobeka, amekuja mara nne
na koti lake la kijivu.
"Mama Afisa, nitajie mtu aliyewahi kukivaa."
Sina.
"Nitajie pazia. Nitajie hata tambara la kufutia meza."
Sina. Lakini sheria haiulizi nani kavaa,
inauliza kitu ni nini,
na hapo ndipo tunapokwama, mimi na yeye,
kama ng'ombe wawili kwenye mlango wa pantoni.

Kioo, asilimia kumi.
Kitambaa, ishirini na tano.
Katikati ya majina hayo kuna mashua nzima.
Iko Igombe, kwa Nkwimba Lushinge,
imelazwa juu ya magogo, mbavu nje,
inangoja ngozi.
Ghala nalo linahesabu siku. Ghala halina mgogoro na mtu.

Usiku nawaza habari ya majina.
Bibi yangu, Ukerewe, akipasua sangara
bondo alilitupia makorongo.
Lilikuwa uchafu wa tumbo, basi.
Leo linapimwa kama dhahabu,
lina hati yake, lina mlinzi wake,
na samaki mwenyewe amekuwa gunia lililolibeba.
Kitu ni kile kile. Aliyebadilika ni nani?

Wiki iliyopita nikaamua kukishika.
Nikafungua robota moja, nikapitisha mkono mzima
kama mnunuzi wa kanga.
Kilikuwa laini.
Nikatabasamu peke yangu ghalani: nimeshinda.

Jioni vidole vikaanza.
Sabuni, ndimu, mafuta ya nazi, mafuta ya taa. Wapi!
Asubuhi najikuna bado, Lutobeka huyo mlangoni,
nami bila kufikiri nikamwambia:
"Kiganja kinaniwasha."

Akanyamaza. Akaurudisha mlango taratibu.
Mkono ukaenda mfuko wa ndani wa koti,
kwa huzuni,
kama mtu aliyekuwa akiniheshimu mpaka dakika ile.

"Hapana! Hapana, baba. Njoo uone."
Nikakiweka kiganja chini ya taa ya mezani.
Miiba, myembamba kuliko malaika ya mtoto mchanga,
ikimeta kila nilipogeuza mkono.
Akavua miwani, akaivaa tena, akainama.
"Pamba," akasema, "haifanyi hivyo."

Nimemwandikia mkuu wangu ukurasa mmoja na nusu.
Kipande kimekwenda maabara, Dar es Salaam,
katika bahasha niliyoandika juu yake:
usishike kwa mkono mtupu.
Jibu bado.
Na neno langu jekundu liko pale pale, juu ya sahihi,
kwa kuwa kitabu cha ushuru hakina mstari
wa afisa aliyechomwa na ushahidi.

Jana Nkwimba alinipigia simu.
Nilijiandaa kwa matusi.
Akauliza: "Eti umeshika? Usisugue.
Maji baridi kwanza. Kisha selotepu,
bandika, bandua, bandika, bandua.
Hicho kioo nimekizoea, mwaka wa sita huu."

Alisema kioo
pasipo kubishana,
kama mtu anayeita mwanawe aje kula.

Nimenunua selotepu dukani kwa Wahindi.
Nimekaa dirishani, ziwa limetulia,
nabandika, nabandua.